Mizani Iliyogoma Kwa Sababu ya Salamu

Mama, shikamoo.

Baridi ya Songea imenishika mpaka masikio, lakini sikiliza hili. Kampuni imenituma kufunga mizani mpya kwenye maabara ya maji. Umbo lake halizidi jiko lako la mchina, na inakaa ndani ya kijumba cha kioo. Siku mbili namba zikakataa kutulia. Chupa za maji ya vijijini zimejaa mezani zinasubiri kupimwa, na mimi nimeshampigia bosi simu kwamba mashine ni mbovu, nairudisha Dar.

Mama Komba, mkuu wa maabara, akacheka. "Mwanangu, mashine ni nzima. Tatizo ni salamu zetu."

Kumbe huku mgeni haachwi bila kupewa mkono. Kila mtu wa ofisi za jirani alikuwa anafungua mlango kuja kunisalimia, na upepo wa milima ya Matogoro unaingia naye na kuitikisa mizani. Basi akawaita wote ndani kwa mpigo, nikawapa mikono, akafunga mlango. Tukasimama kimya.

Namba zikatulia, Mama! Mama Komba akang'oa unywele wake mmoja wa mvi, akauweka. Ukapimika! Hakuna aliyethubutu kupumua. Mimi ninayezifunga mashine hizi kila mwezi, niliinama kuisoma namba mara ya pili.

Kadi hii niliipima ikiwa tupu. Sasa nimeipima tena ikiwa na salamu zako, na imeongezeka. Ipokee kwa mikono miwili.

Mwanao,
Idrisa