Vivuli vya Mama Kondo

Jumamosi, 4 Julai 1953

Leo nimemaliza bibi harusi wa Temeke. Alilia wiki nzima kabla ya kupigwa picha, chini ya macho peusi kama masizi ya chungu. Nimemsafisha! Mama yake kuiona picha kasema, huyu si mwanangu. Hiyo ndiyo sifa. Toka enzi za Mjerumani nashika kalamu hii ya kusafishia picha, hakuna uso ulionishinda.

Romani mwenye studio ya Ilala kanipa kioo kingine, picha ingali haijachapwa karatasini, nije nacho nyumbani Kinondoni. Cha mke wangu mwenyewe, Somoe. Alimpiga picha Alhamisi. Romani Mnyamwezi, mtani wangu, hana adabu. Kanisikia nakohoa mlangoni, kasema, Mzaramo, sanda ninayo, nakungoja wewe tu. Nikamwambia nitakuzika wewe kwanza, tena na kamera yako. Tumecheka. Kikohozi kikanizidi. Vumbi la Ilala lile.

Picha ni ya mwanetu Kondo, yuko Mombasa, kazi za gatini. Kamtuma Theonest, utingo wa lori: nataka picha ya mama, naanza kumsahau uso. Lori linarudi Mombasa Jumamosi ijayo. Ya baba hakuomba. Uso wangu hausahauliki!

Jumapili, 5 Julai 1953

Mama Kondo kaniambia, Baba Kondo, hivi vivuli vya macho nifutie vyote. Mtoto akiniona hivi ataacha kazi aje. Nikasema, kwani umekuja kwa fundi gani?

Halafu nikamtazama. Kweli vimekolea. Vilianza lini? Mie nikimwona mtu usoni tu najua — huyu kalia, huyu mlevi, huyu ana kitoto kichanga. Uso wake ndio sijui. Nimemuuliza, unalia? Kasema, nilie nini, na mume ninaye? Kanicheka, kaenda jikoni.

Uzee labda. Lakini mie mkubwa kwake, na macho yangu ya kijana. Kwa sababu nalala! Kipupwe hiki naegemea ule mto mkubwa wa sufi, kifua kipate nafasi. Nikishaegemea sijui kitu mpaka adhana. Gogo.

Jumanne, 7 Julai 1953

Asubuhi jua zuri. Nimeweka meza dirishani, kioo nimekisimamisha kitazame nuru. Nimepaka dawa ili kalamu ishike. Nimechonga kalamu kwa msasa ikawa sindano.

Kwenye kioo mambo kinyume, cheusi ndiyo cheupe. Palipo na kivuli usoni, kwenye kioo pako wazi, unaona mpaka upande wa pili. Kazi yangu kuziba. Vistari vidogo vidogo, miguu ya sisimizi. Jicho la kulia nimeliziba. Safi! Romani hawezi hivi hata afunge siku arobaini.

Kuanza la kushoto, naona kitu kinatikisika ndani ya kivuli. Kumbe Somoe mwenyewe, yuko uani, anapeta mchele. Namwona kupitia kivuli chake. Anapeta, anasinzia. Anapeta, anasinzia. Ungo ukamponyoka. Kuku wakala sikukuu.

Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Mauwa jirani, anayeuza viazi Tandale, katokeza kichwa juu ya ua. Kasema, shemeji, mwache mwenzio alale walau mchana. Usiku kucha namsikia anakukalisha, anakusugua kifua, anakushikilia usianguke. Nikamwambia mwongo mkubwa, mie naegemea mto. Kasema, mto! Mto gani huo unaosema pole, pole, mume wangu?

Mbea yule. Kazi imeniharibikia.

Jumatano, 8 Julai 1953

Leo nimeamka sikufumbua macho. Kusudi.

Mgongoni joto. Mto unapumua. Mto una moyo, unadunda! Nikachungulia kidogo — mto wa sufi ule pale, miguuni. Mkono wake uko kifuani kwangu, bado unasugua, na mwenyewe kichwa kimelala ukutani.

Nikajitia nakoroma.

Basi vile vivuli fundi wake mie.

Alhamisi, 9 Julai 1953

Tumegombana. Nimemwambia leo ulale kwenye mkeka peke yako, mie nitajikalia. Kasema nikikuacha unakabwa. Nikasema sikabwi. Kasema, mara ngapi umewahi kujiona umelala wewe? Nikapandisha sauti.

Kasema twende hospitali. Nikasema hospitali ni ya wagonjwa, mie chuma. Kasema, chuma nacho hushika kutu, Baba Kondo. Basi nifutie kwenye kioo. Usoni vitabaki, si neno. Kondo atamwona mama wa kioo, atatulia.

Nimesusa chai. Nikaja kuinywa imepoa.

Ijumaa, 10 Julai 1953

Baada ya swala nimekaa na kioo. La kushoto halizibiki. Macho ninayo. Kalamu ninayo. Mkono umekataa.

Usiku alilala kwenye mkeka kama nilivyoamuru. Asubuhi nimeamka nimeegemea. Mbishi yule mwanamke! Sijui kajifunza wapi.

Jumamosi, 11 Julai 1953

Lori limepiga honi njiani. Theonest kaingia, shikamoo mzee, shikamoo mama, picha iko wapi? Nikasema bado. Somoe kanikazia macho. Yale macho!

Theonest kasema Kondo anauliza baba hajambo. Nikamwambia, mwambie baba yako chu — hapo kikohozi kikanishika. Kofia ikaanguka. Nimejishika mlangoni mpaka kikapita. Theonest kaokota kofia, kaipangusa, kanivika mwenyewe kama mtoto. Kasema, haya mzee, nitamwambia. Nikamuuliza utamwambia nini? Kapanda lori.

Somoe kakaa kizingitini. Kasema polepole, hata hakugomba: wewe unayejisifu hakuna uso uliokushinda, wa mkeo umekushinda.

Mbele ya Mauwa!

Nikasema, mie sishindwi. Nitavitoa. Tena si kwenye kioo, ni hapo hapo vilipo, usoni pako. Jumatatu nipelekeni huko kwenye hospitali yenu. Mauwa kapiga kigelegele mtaa mzima ukasikia. Somoe hakupiga. Kajifunika khanga uso. Nikamwuliza sasa unalia nini? Kasema vumbi.

Vumbi la Kinondoni nalo!

Jumatatu, 13 Julai 1953

Naandika hapa hapa benchini, hospitali. Kitabu nimekiweka gotini.

Tumetoka asubuhi kwa miguu. Hatujafika mbali, nikasimama kutazama mnazi. Mnazi hauna kitu, ni pumzi tu imeniishia. Romani katukuta na baiskeli yake. Kasema, Mzaramo, unaitoroka sanda yangu? Nikamwambia naenda kuulizia kama wanatibu Wanyamwezi. Kanipandisha nyuma ya baiskeli, kaisukuma mpaka getini, kanitukana njia nzima. Jasho linamtoka. Alipogeuka kwenda kufungua studio kamwambia Somoe, shemeji, mtani wangu huyu, mwangalie. Kadhani sijasikia.

Kioo kiko nyumbani. Jicho moja safi, moja bado. Litangoja.

Watu wengi. Kuna mzee mmoja anasema sindano ya hapa inafika mpaka mfupani. Nikamwambia mie nimechanjwa enzi za Mjerumani, hizi za Mwingereza ni miiba ya mchongoma. Somoe hakucheka. Nikatazama — kalala! Kaniegemea begani, mdomo wazi kidogo, khanga imeshuka. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili kaulalia.

Toka lini sijamwona amelala? Kumbe anakoroma. Kidogo tu, kama paka.

Vinavyoshuka vile vivuli, mtu akilala. Kama kalamu inapita. Nami sijashika kitu.

Sasa msaidizi mwenye nguo nyeupe katoka mlangoni. Kaita, Mwinshehe bin Pazi! Ni mie huyo. Nikiinuka ataamka.

Kaita tena. Yule mzee kanigusa, si wewe? Nikamwonyesha bega kwa kidevu. Kaelewa.

Kaita mara ya tatu, kakasirika. Na aite. Nimekaa. Ila kikohozi nacho hiki hapa, kimefika kooni, kinagonga, nakibana —