Mate ya Mkwe Kwenye Uzi Wangu

Mpendwa mshauri, mimi si mtu wa kuomba, ila leo naomba msaada, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana darasa la nne nililoishia lilikuwa darasa la nne la kweli, si haya ya siku hizi mtoto anafika chuo hajui kuandika "nimefika salama".

Mimi ni fundi wa mifuko ya turubai, ile ya mafundi bomba na mafundi umeme kubebea vyombo vyao. Nimeshona miaka thelathini na nane katika chumba hichohicho cha mbele ya nyumba, na juu ya mlango nimeandikisha KAZI YA MKONO MMOJA, maana yake mfuko unaotoka hapa hakuna aliyeugusa ila mimi, na wateja wanavuka barabara kuja kwangu wakimwacha yule fundi wa ng'ambo na wasaidizi wake wanne na mifuko yao inayofumuka kabla mwezi haujaandama. Mwili wa mfuko naupitisha kwenye cherehani, lakini mikono yake naishona kwa sindano, kwa sababu turubai likikunjwa mara nne cherehani inalia kama mbuzi.

Sasa duka la dawa la mtaa wa pili lilivunjwa, mlinzi akapigwa hadi akavunjika mkono, wezi wakakimbia wakaacha mfuko wa kazi yangu una nyundo na mtaimbo ndani. Polisi wakaja kwangu, wakatutia vijiti vya pamba mdomoni sote wa nyumba hii, mimi, binti yangu, na mume wa binti yangu, huyo anayekaa kwangu mwaka wa tano tangu kiwanda chao kifungwe, mtu mzima wa miaka arobaini, mrefu kama mlingoti, kazi yake kusema "ndiyo mama" na kumaliza sukari. Majibu yakarudi kwamba jasho langu limo kwenye mfuko, wakasema hilo halina neno, huyu ndiye fundi. Na mate ya mume wa binti yangu yamo kwenye uzi wa mikono ya mfuko, wakasema basi huyu ndiye mwizi, wakamchukua hata ndala hajabadilisha.

Mahakamani akaja mtaalamu wa vinasaba, miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani, akasema uwezekano wa mate hayo kuwa ya mtu mwingine ni mmoja katika mabilioni, na mwendesha mashtaka akawa anairudia "mabilioni" kama mtu aliyeonja asali, na watu wa nyuma wakaguna. Wakili wetu ni kijana ambaye suti yake ilishonwa na mtu asiyempenda. Nikamuuliza, "Mbona hukumuuliza kitu yule wa miwani?" Akanijibu, "Bibi, sayansi haibishiwi." Nikamwambia, "Suti yako naibishia."

Sasa nakuambia wewe jambo ambalo hata binti yangu halijui. Macho yangu ni mazima, namwona nzi aliyetua ng'ambo ya barabara, ila matundu ya sindano siku hizi wanayatengeneza madogo. Mwaka juzi asubuhi moja nilikuwa nahangaika na uzi hadi machozi yananitoka, mume wa binti yangu akapita na ndoo ya maji, akaiweka chini, akanichukulia sindano mkononi, akaitia uzi, akaichoma kwenye sponji yangu ya sindano, akachukua ndoo yake akaenda. Kesho yake nikakuta sindano kumi zimeshatungwa. Tangu hapo kila asubuhi binti yangu akishatoka kwenda kazini na mimi sijafungua mlango wa duka, nakuta thelathini kwenye sponji. Na uzi wetu ni mnene, una manyoya, haulali mpaka uuvute wote mdomoni ukaulowesha kwa mate kutoka mwanzo hadi mwisho, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo alivyoniona nikifanya. Hatujawahi kulizungumza, hata siku moja.

Polisi waliponiuliza kama kuna mtu mwingine anayegusa kazi yangu, pale mlangoni walikuwa wamejaa majirani, na yule fundi wa ng'ambo alikuwa mbele kabisa, ameshika chai. Nikasema, "Soma juu ya mlango. Hapa hakuna anayegusa." Wakaandika, nikatia sahihi. Yeye naye alipoulizwa mate yake yalifikaje kwenye uzi, akasema, "Muulizeni mama." Wakamwambia mama ameshajibu.

Nimekwenda kumwona rumande nimempelekea sabuni na mswaki. Nikamwambia, "Wewe mbona huwaambii?" Akasema, "Niwaambie nini, mama?" Nikamwambia, "Habari ya sindano." Akatazama vidole vya miguu yake akasema, "Sindano gani?" Askari aliyekuwa karibu akatucheka, akadhani tunazungumza mambo ya hospitali.

Wiki ijayo Alhamisi ni siku ya utetezi, na wakili anasema akitiwa hatiani ni miaka mingi. Binti yangu ananiwekea chakula mezani na kuondoka bila kuniambia karibu. Mimi sina neno na huyo mwanamume, na atoke. Lakini nikisimama pale nikisema siwezi kutunga sindano, yule wa ng'ambo atakula mwaka mzima kwa kicheko hicho, na tena naogopa watanifunga mimi kwa kudanganya. Naomba uniambie njia ambayo atatoka na mimi nisiseme. Kwa mfano nikisema alipiga chafya karibu na mfuko, je, watakubali?

Fundi wa Mkono Mmoja

JIBU

Mama fundi, shikamoo. Salamu naitanguliza kwa sababu nikiiacha mwisho huenda nisiwe na hamu nayo.

Chafya? Chafya iliyotoka mdomoni, ikachagua uzi, ikafuata mshono mmoja baada ya mwingine pande zote mbili za mfuko, na ikaliacha turubai kavu? Chafya hiyo ingeajiriwa. Mama, usiende nayo mahakamani.

Pole kwa macho yako, na hapa sina mzaha. Mtu aliyekula kwa macho na vidole miaka thelathini na nane, akiyaona yanamkimbia, ana haki ya kulia. Lakini analia kwake, hamfungishi mtu. Na tundu la sindano halijapunguzwa na kiwanda chochote.

Umemcheka mtaalamu kwa miwani yake. Mtaalamu hakukosea. Aliulizwa mate ni ya nani, akasema ni ya huyu, na ni kweli ni ya huyu. Hakuna aliyemuuliza yalifikaje kwenye uzi, wala lini, na hata angeulizwa kipimo chake hakijui. Mizani ya buchani inajua uzito wa nyama, haijui ng'ombe alikuwa wa nani. Hilo pengo lilisubiri mtu wa kuliziba, na mtu huyo ulikuwa wewe, ukaliziba kwa bango la mlangoni. Jasho lako kwenye mfuko lilisamehewa kwa sababu unajulikana ndiye fundi. Mate yake hayakusamehewa kwa sababu ulisema hajulikani kazini. Mabilioni yote ya mwendesha mashtaka yamekaa juu ya sentensi yako moja.

Halafu nimeisoma barua yako mara mbili natafuta neno "mkwe". Halimo. Yuko "mume wa binti yangu", yuko "huyo mwanamume", yupo hata mlingoti. Huyo mlingoti yuko tayari kula miaka gerezani kuliko kusema mbele ya watu kwamba mama mkwe wake haoni. Wewe unahesabu vijiko vya sukari.

Sasa sikiliza. Kesho asubuhi, si Alhamisi, nenda kwa yule wakili wa suti mbaya. Mwambie yote, ya ndoo, ya sponji, ya majirani mlangoni. Mwambie pia kwamba maelezo uliyotia sahihi si kweli, akuongoze namna ya kuyarekebisha. Mimi si mwanasheria na sitakudanganya kwamba hutagombezwa, lakini anayekwenda mwenyewe kusema "nilikosea" hatazamwi kama anayekamatwa.

Kisha beba mifuko ambayo hujaiuza, mitano au sita, usiioshe, usiipanguse, umpe wakili aombe upimwe uzi wake. Wakikuta mate yaleyale kwenye kila mfuko, basi ama mkweo ameiba mji mzima, ama anakutungia sindano. Na wakili aombe yule mtaalamu aitwe tena, amuulize maswali ambayo sayansi haikatazi: je, mate yalikuwa kwenye uzi tu, au hata kwenye kifungo cha mfuko? Mpini wa nyundo ulipimwa? Mtaimbo? Mwizi gani anashika nyundo asiache kitu, halafu analamba mshono?

Jirani yako atacheka, ndiyo. Mwache acheke. Aliyelala rumande na ndala hana nafasi ya kusubiri kicheko cha mtu kiishe. Na binti yako mwambie leo, kabla hujamwambia wakili, akiwa amekaa na wewe umekaa.

Siku ya Alhamisi vaa nguo zako nzuri. Hakimu huenda akataka kuona, au mwendesha mashtaka akakupa sindano na uzi akidhani anakutega. Pokea. Jaribu kwa nguvu zako zote, usiigize, usiharakishe, utakosa mara ya kwanza na ya pili na ya kumi, hadi chumba kizima kichoke kukutazama. Halafu wakikuuliza ni nani anayekufanyia kazi hii, sema "mkwe wangu", kwa sauti ya kufika benchi la nyuma, na ukae chini.