Gogo la Katikati

Jumatano, Julai 1956. Ruiru.

Baridi ya leo inaingia hadi kwenye mifupa, na manyunyu hayajakatika tangu asubuhi. Lakini mimi nimeshinda nikitoa jasho, maana nimemaliza daraja.

Miaka miwili kijiji cha ng'ambo ya mto kimefungiwa na serikali. Handaki pande zote, hakuna kutoka, hakuna soko. Ndizi zao zinaozea shambani. Sasa chifu anasema wafunguliwe njia waje kuuza Ruiru. "Mtu akiuza ndizi zake atalala kwake," alituambia barazani. "Asipouza, atakuja kwenu na panga."

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Panga lao nalijua. Ni wao waliomchoma ndugu yangu Mwangi ndani ya nyumba yake, na mlango wameufunga kwa nje. Mlango huo niliutengeneza mimi.

Halafu fundi wa kuwajengea daraja wakanichagua mimi! Nilikubali haraka mno. Chifu alidhani ni moyo mwema.

Nikiri hapa, maana sina pengine pa kusema. Gogo la katikati limeliwa na mchwa ndani. Nilijua nilipoligonga, nikalipaka lami nzito, nikalilaza pale mto ulipo na mawe makali. Litabeba mtu mmoja asiye na mzigo. Mwenye mkungu wa ndizi halitambeba. Nilipopigilia msumari wa mwisho nilicheka peke yangu, na kicheko kilikuwa kitamu.

Saa kumi nimerudi nyumbani, nikamkuta mke wangu akisugua kiondo chake kikubwa.

"Baba Njeri, chifu amepita hapa," akasema. "Anataka kesho mtu wa jamaa ya Mwangi awe wa kwanza kuvuka, awapelekee mahindi, ndio wale watu waamini kuna amani. Nimemwambia nitaenda mimi."

Nikamuuliza mahindi kiasi gani. Akasema kiondo kitajaa.

Chai yangu imepoa hapa mezani. Kisasi chako nilikipanga vizuri, Mwangi, nikasahau kwamba daraja huvukwa kutoka pande zote mbili.

Alfajiri nitakuwa mtoni na msumeno na gogo jipya la mkaratusi. Watavuka salama, wauze, washibe.

Sijawasamehe. Hilo liandikwe pia.