Pole Niliyompa Mwimbaji Jukwaani

Mjukuu wangu Tumaini,

Marahaba. Sisi wazima, mpunga umechanua, na babu yako bado anabishana na redio. Unauliza kama nimewahi kuaibika mbele za watu. Wee!

Miaka ya tisini lilikuja tamasha hapa Ifakara: sarakasi, vichekesho, watoto wamejaa mbele, na mwimbaji wa nyimbo za kantri mwenye kofia pana kama ungo. Mshereheshaji akatueleza kuwa katika wimbo unaofuata mwimbaji anamlilia mama yake, aliyezikwa yeye akiwa safarini. Jamaa akafumba macho, akalia kwa Kizungu.

Sasa mtu kafiwa, mimi nikae tu? Nikapanda jukwaani, nikamshika mkono. “Pole sana, baba.” Kugeuka, ukumbi mzima umepanga foleni nyuma yangu kumpa pole.

Gitaa likanyamaza. “Jamani, mama yangu mzima!”

“Umemsalimia lini?” nikamuuliza.

Akainamisha kofia. Hapo ndipo alipolia kweli.

Mama yako kanikuta nikisoma barua yako, akauliza ya kwake iko wapi. Nimemwambia posta wamechelewa. Usinifanye mwongo, mjukuu wangu.

Bibi yako