Usimchezeshe Kizito

Bruxelles, Februari 1994

Kwako Yaya Deo, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Mama anaendeleaje na presha yake? Shemeji ameshajifungua? Na paa la jikoni, mliliziba kabla ya mvua au bado mnahamisha sufuria kutoka kona hadi kona? Barua yako imenifikia kwa mkono wa tonton Ladislas, jirani yetu wa Kadutu, aliyekuja huku kununua vitambaa. Aliileta hadi chumbani kwangu Ganshoren, akilalamika njia nzima kwamba mtaa huu umenyamaza kama uko kwenye matanga. Ni kweli. Jumapili hapa unaweza kusikia jirani akifunua gazeti.

Nimeisoma mara nyingi. Unaniambia mdogo wetu Kizito ndiye mshambuliaji wa timu unayoifundisha pale shuleni kwetu, kolegi, sasa. Aliteguka kifundo cha mguu kabla ya fainali, ukamfunga bandeji, ukamwingiza, akafunga goli la ushindi, na Bukavu nzima ikamwimba. Unaandika kwa fahari kwamba mtoto wa simba ni simba. Kisha unasema Monsieur Roland, yule Mzungu aliyenileta huku, anakuja likizo kubwa kumtazama, na unataka niongee na viongozi wa klabu yangu wampokee.

Yaya, sina klabu. Sina tangu Oktoba. Nitakueleza ilivyokuwa, na ukiumia, vumilia usome mpaka mwisho.

Unakumbuka jezi zetu za kijani, zile tulizopewa na parokia? Zilikuwa kumi na moja tu. Aliyeumia alivua yake palepale pembeni ya uwanja, imelowa jasho, akamvalisha aliyesubiri. Na sheria yako ilikuwa kwamba ikishavuliwa, haimrudii mwenyewe mpaka mwenzake naye aanguke. Namba tisa niliipata hivyo kwa Bisimwa. Alishika nyonga akasema hawezi, wewe ukapuliza filimbi, nami nikaivaa ingali moto. Bisimwa hakucheza tena mpaka tukamaliza shule. Alibaki kutubebea maji, na tulimcheka. Hapo wote tukajifunza: ukiumia, cheka, simama, kimbia. Nyumbani mama alituambia mficha maradhi kilio humfichua, uwanjani wewe ukatufundisha kinyume, na kati yenu wawili nikakusikiliza wewe.

Basi mwaka jana, mwezi wa tatu, uwanja umeloa, beki mmoja mnene akaniangukia. Goti lilitoa sauti. Nilisikia mwenyewe. Nikasimama nikicheka, na nikacheka mpaka mwisho wa mechi.

Klabu yetu ilikuwa ya daraja la chini, lakini kila Jumatatu daktari alipita chumba cha kuvalia akimuuliza kila mtu anaumwa wapi. Wenzangu Wabelgiji walimlilia kama watoto wa chekechea: huyu paja, yule kisigino, mwingine ukucha. Ukucha, yaya! Nikawadharau. Zamu yangu ikifika, nilijibu: mzima, daktari, mzima kabisa.

Siku moja kapteni wetu, Luc, alisema paja linamvuta. Akapumzishwa. Nilimwendea nikampa pole kama mtu aliyefiwa, maana niliamini nafasi yake imekwisha, na moyoni nilishajipanga mimi mahali pake. Alinitazama kama nimelewa. Wiki zile akakaa jukwaani na mke wake wakila viazi vya kukaanga, mshahara wake unaingia kama kawaida, na alipopona akarudi kwenye namba yake. Hakuna aliyemcheka. Ningeelewa siku ile, leo ningekuwa nacheza. Nilijiambia tu kwamba yeye ni mwenyeji, na mwenyeji hubembelezwa.

Goti langu nililipeleka kwa Maman Furaha, mama wa Uvira mwenye duka la ndizi na unga wa muhogo kwenye kichochoro karibu na Chaussée d'Ixelles. Alinikanda nyuma ya duka, kwa kitambaa cha maji moto na chumvi, nami nimeuma mkono wa koti.

"Weye mutoto, hii haiko kintu ya kukanda," aliniambia. "Angalia vile inavimba. Alors, docteur wa équipe yenu ya mupira anasema nini?"

"Hajui, maman."

"Hajui? Juu ya nini haukumwambia?"

"Nikimwambia, watapatia muntu ingine nafasi yangu."

"Bon. Na muguu ikivunjika, watakupatia ingine?"

Nikamcheka. Nikanunua ndizi zake nikaenda zangu.

Mwezi wa nane goti likaisha, wala si uwanjani. Nilikuwa nashuka ngazi pale stesheni ya Gare du Nord, nimetoka kumtembelea rafiki, goti likatoka kama mlango uliong'oka bawaba. Nililala pale kwenye ngazi na watu wananiruka na mabegi yao. Hospitali waliniambia kano lilichanika zamani, na kwa kukimbia nalo miezi yote ile nimesaga hata kilichokuwa kizima.

Rais wa klabu hakunitukana. Heri angenitukana. Aliniuliza taratibu: uliumia kwenye mechi? Ngazini. Na kabla ya ngazi, uliwahi kumwambia daktari kwamba unaumwa? Sikuwahi. Klabu ina bima, yaya. Inamtibu kila mchezaji anayeumia uwanjani na kusema. Anachotakiwa kufanya ni kusema tu. Daktari alikuwa amekaa pembeni, akasema kwa upole, "Kila Jumatatu nilikuuliza." Mkataba ulipoisha hawakuniongezea mwingine. Nilimtafuta Monsieur Roland, mke wake akaniambia kasafiri. Kumbe safari zake ni za kuja kwenu.

Sasa nafagia ofisi kwenye maghorofa ya kando ya stesheni ileile. Goti halikunjiki. Kanisani napiga goti moja tu, na padri ameshazoea.

Nina hasira na Roland. Nina hasira na ujinga wangu. Lakini hasira kubwa ni juu yako, na nimechoka kuimeza kwa ajili ya heshima. Najua hukututakia mabaya, na najua jezi zilikuwa chache. Lakini mtoto aliyesema anaumwa alikuwa anasema kweli, na wewe ulimwita mwanamke mbele ya shule nzima.

Nilimuuliza tonton Ladislas kama amemwona Kizito baada ya fainali.

"Namuonaka kila siku," alisema. "Ni vedette sasa, jina kubwa! Mais asubuhi, mbele atembee, anashikaka ukuta kwanza. Nikamuuliza, fils, muguu iko namna gani? Anacheka tu."

Anacheka tu. Niliweka kikombe chini nikalia mbele ya mgeni, na yule mzee wa watu hakujua atazame wapi.

Kwa hiyo mimi mdogo nakuamuru wewe mkubwa, unisamehe au usinisamehe. Mpeleke Kizito hospitali apigwe picha. Kabla ya hapo asiguse mpira, hata wa kuchezea uani. Roland akija, mwambie mtoto yuko darasani, ana diploma ya kumaliza. Akimleta kwa nguvu, atanikuta uwanja wa ndege. Na utakapomuuliza Kizito kama anaumwa, usimuulize na filimbi shingoni, wala mbele ya wenzake. Muulize nyumbani, mama akiwepo. Akisema haumwi, muulize tena.

Mama msomee barua hii yote, usiruke pale panapokuchoma. Nisalimie shemeji na huyo mtoto, kama ameshazaliwa, ambaye sijui hata jina lake. Nisalimie shangazi yetu muuza samaki, mwambie hapa samaki hawana kichwa wala ladha. Nisalimie padri mkuu wa kolegi. Bisimwa ukikutana naye, mpe mkono kwa niaba yangu, maana yeye alituzidi akili sisi sote.

Yaya, tangu nifike huku, kila barua yako imeniuliza nimefunga magoli mangapi. Hujawahi kuniuliza kama naumwa, lakini nakujibu: naumwa. Naumwa sana.

Mdogo wako,
Janvier