Moshi Mweupe Uliomdanganya Papa

Kaka yangu Janvier, Papa Gloire,

Pokea kwanza salamu za mdogo wako, salamu za baridi lakini za moyo wote. Uko mzima? Mgongo unasemaje na hiyo pikipiki, na matope ya Walikale yanayomeza gurudumu mpaka katikati? Na mwanao, Gloire wangu, anakula? Bado anapenda kujibu watu wazima kama shangazi yake? Mwache ajibu, usimpige. Mimi huku Norwe niko mzima wa mwili. Theluji imefika magotini na pua yangu imesahau kuwa ni yangu, lakini nala, nalala, nafanya kazi. Mungu ashukuriwe.

Utashangaa kupata karatasi badala ya sauti kwenye simu. Nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kurasa zote, nikamtumia yule Papa wa Butembo mwenye duka unakonunua mafuta ya pikipiki. Ameahidi kuzichapisha na kukupa mkononi. Sababu unaijua. Kwenye simu, nikitaja tu Papa yetu, marehemu baba, unakata. Karatasi haikatiki hivyo. Unaweza kuichana, lakini nakufahamu tangu utoto, huchani kitu kabla ya kujua kilichomo.

Mama alinipigia kutoka Kalembe, kwa mjomba. Hakulia. Alisema tu, “Zawadi, mi nachoka na hii kikwembe nyeusi. Bantu ya Nyabiondo banaanza kurudi ku mashamba yabo. Tukisha kuvuna maharagwe, nataka matanga itoke. Lakini Janvier anakatala.” Unajua kwetu Nyabiondo matanga ya baba hayaondolewi bila mtoto wa kwanza kusimama kaburini na kusema neno. Wewe usipokuja, Mama atazikwa na kikwembe hicho cha msiba. Na ulivyonijibu nilipokuomba, bado nasikia: “Usinitajie ile muzee. Njo yeye alimushusha bibi yangu muzigo.”

Ni kweli, Kaka. Ndiye aliyemwambia mke wako Mapendo ashushe mzigo. Siji kukuambia kwamba sivyo. Nakuja kukuambia kitu kilichonipata hapa kazini, nawe unisikilize mpaka mwisho kama ulivyokuwa ukinisikiliza nikiwa na homa.

Kazi yangu ni kusafisha magari madogo wanayotumia wauguzi kutembelea wazee majumbani. Magari hayo hayanywi mafuta, yanakunywa kura, umeme wa ukutani. Jioni tunayapanga katika gereji, kila moja na waya wake, na asubuhi yako tayari. Mkubwa wetu ni mzee mmoja anaitwa Arne. Mimi namwita Papa Arne. Mwanzoni alicheka, sasa nikimwita Arne tu ananiuliza kama amenikosea.

Baridi yangu ya kwanza, niliingia asubuhi nikakuta gari moja liko kwenye waya linatoa moshi puani. Moshi mweupe, mzito, unapanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sikupiga kelele, sikumwita mtu. Nilitandika kitenge changu, nikatupia mkate, birika la chai, koti la mtu nisiyemjua, nikafunga, nikajitwika, nikaondoka. Papa Arne alinikuta kwenye kituo cha basi, mzigo kichwani, nikiuliza watu njia ya kwenda porini. Cheka, Kaka. Gereji nzima ilicheka, na mwenye koti alicheka kuliko wote.

Papa Arne alinirudisha polepole. Akanishika mkono akauweka kwenye ule moshi. Haukuunguza. Kiganja kikalowa maji. Akanieleza kwamba betri haipendi baridi, kwa hiyo gari likinywa kura hujipasha moto lenyewe. Ile barafu iliyoganda mbele inayeyuka, inakuwa mvuke, na feni inausukuma nje. Angalia, akasema, unapanda, unapotea. Nusa, hauna harufu. Maji tu.

Nilitaka kulia kwa furaha. Maana hayo yalikuwa mafundisho ya Papa neno kwa neno, pale kwenye tanuru lake la makala, makaa ya kupikia, kilimani juu ya Nyabiondo. Unakumbuka alivyokuwa anatuketisha? Moshi mweupe ni maji yanayotoka mu miti, kaa utulie, choma viazi vyako. Moshi wa bluu, mwembamba, unaouma macho, ndio moto umeingia ndani, kimbia na udongo uzibe. Nilimweleza Papa Arne yote hayo kwa Kinorwe changu cha kuokoteza, akasema angependa kumjua baba yangu. Nikachukua kitambaa nikaenda kufuta vioo.

Kuanzia hapo nikawa mwalimu. Akija mfanyakazi mpya akashtuka, mimi ndiye namwambia, maji tu, fanya kazi. Nilikuwa najivuna, nisikufiche. Nilijiona mtoto wa mchoma makala kweli.

Basi baridi hii, gari moja liligonga tumbo kwenye jiwe. Aliyeliendesha hakusema, likawekwa kwenye waya kama mengine. Asubuhi nikaona moshi mweupe. Nikachukua kitambaa changu nikalifuata kufuta vioo. Kaka, macho yangu yaliona kwamba moshi haukuwa ukipanda, ulikuwa ukitambaa chini, ukitoka tumboni. Pua yangu ilinusa kitu kitamu kitamu kama rangi ya kucha. Masikio yangu yalisikia mluzi, halafu mlio kama bisi ya kwanza kwenye sufuria. Vyote nilivipata. Na bado mdomo wangu ulisema, kwa Kiswahili chetu, peke yangu, “Iko mweupe. Njo maji tu.”

Papa Arne alinikamata koti kwa nyuma akanivuta. Sikutaka. Nilimwambia aniache, nikampiga mkono, yeye mzee wa mvi. Hakubishana na mimi. Alinivuta kama mbuzi aliyegoma, na tulikuwa hatujafika mbali na lango moto ulipotoka chini ya gari kwa kishindo na kushika paa. Wazima moto walimwaga maji mpaka mchana, moto unazimika, unawaka tena. Hakufa mtu. Baadaye alinieleza: betri ikiumia hupika gesi ndani yake, na gesi hiyo nayo ni nyeupe kama mvuke. Rangi peke yake haikuambii kitu. Ukisikia harufu au mluzi, usiguse waya, usiguse gari, toka, watoe na wenzako, waite wenye kazi yao.

Nilikaa kwenye theluji nikalia. Walinifunika blanketi wakidhani ni hofu. Haikuwa hofu. Nilikuwa namlilia Papa kwa mara ya kwanza bila hasira. Ndiyo, nilikuwa nayo hasira, si wewe peke yako.

Sasa nikupe asubuhi ile ya msiba yote. Wewe ulikuwa huko Walikale na mizigo ya watu, umeisikia vipande vipande. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi moshi ukapanda nyuma ya kilima, upande wa Bihambwe. Majirani wakaanza kufunga mizigo ya kukimbia vita, nasi tukafunga. Mapendo alikuwa tayari, Gloire mgongoni, mzigo kichwani. Papa naye alikuwa amefunga wake, blanketi, panga na Biblia. Akasimama uani akautazama ule moshi kwa muda mrefu. Kisha alishusha mzigo wake mwenyewe, Kaka. Wa kwanza kushusha alikuwa yeye. Akaufungua, akarudisha Biblia mezani. Ndipo akatuambia, “Hii moshi iko mweupe. Ni bantu banachoma makala, maji inatoka mu miti. Mushushe vitu, batoto.”

Mapendo akasema, “Lakini Papa, inanuka majani ya nyumba.”

“Mvua imenyesha, mukwe wangu. Majani yote inanuka.”

Mapendo alinitazama mimi. Nilimtazama yeye. Mama alikuwa mlangoni, akatazama chini. Mapendo akasema taratibu, “Kama Papa amesema,” akashusha, akamfungua Gloire na kunipa nimshike, apate kuwasha moto wa uji. Zilikuwa nyumba za majani mabichi ya mvua zikiungua, na majani yaliyolowa yana moshi mweupe kama tanuru jipya. Wenye bunduki waliozichoma walipoingia kwetu, mimi na Mama tulikuwa nyuma kwenye migomba na mtoto. Yaliyobaki unayajua, wewe ndiye uliyewachimbia makaburi.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi. Mimi na Papa tumesoma moshi kwa somo moja, tukakosea kosa moja, tukasema neno moja. Mimi niko hai nakuandikia. Tofauti ni moja tu: mimi nilikuwa na mtu wa kunivuta koti. Papa tulimheshimu sote. Hata Mapendo aliyenusa ukweli alimheshimu. Nani kati yetu angemshika Papa shati na kumburuta mbele ya majirani? Wewe ungemshika? Jibu moyoni mwako, si kwangu.

Sikuombi umsahau Mapendo ili umkumbuke Papa. Wamelala bega kwa bega, na udongo huo ulimwaga wewe. Nakuomba maharagwe yakivunwa uchukue pikipiki yako, umpakie Gloire, umpitie Mama Kalembe, mpande Nyabiondo. Ukisimama pale, kama huna neno zuri la kusema juu ya Papa, sema lile la kweli: alikosea, naye alishusha mzigo wake kwanza. Litatosha kuondoa matanga.

Msalimie Mama, mwambie kitenge cha maua nimemtumia kwa njia ya yule Papa wa duka, asikifiche sandukuni akingoja sikukuu. Msalimie mjomba aliyempokea na mkewe anayevumilia kikohozi chake. Msalimie katekista wetu aliyewaombea marehemu wakati wengine wanakimbia. Gloire mbusu kwenye paji la uso. Akikua mfundishe moshi wote, mweupe na wa bluu, kama tulivyofundishwa. Halafu mfundishe na hili ambalo sisi hatukufundishwa: siku akinusa majani ya nyumba yakiungua, nawe baba yake umesema ni maji tu, akushike shati avute, hata ukimpiga.

Ni mimi mdogo wako,
Zawadi