Sahani za Njiani

Kisauni, Jumanne

Wewe bibi, najisema mwenyewe, mwezi mzima hujalifungua daftari hili. Herufi umejifunza uzeeni kwa taabu, kisha unaziacha? Ulikuwa ukiona haya kuandika jinsi unavyokula.

Haya, naandika. Daktari alisema nisipopungua, magoti yatakataa kuniinua mkekani. Basi kila asubuhi natembea mpaka kanisani na kurudi. Natembea kweli. Lakini kila nyumba ya njiani huniita, nami hula muhogo wa nazi kwa huyu, mahamri kwa yule. Sahani ya pili naiomba mwenyewe. Wakati wa vita tulipanga foleni ya unga. Sasa unga upo, na mimi nala kama kwamba utaondoka kesho.

Leo nilipita kwa shoga yangu Kadzo. Akaniletea dafu moja, akaketi.

"Na chakula?"

"Kipo jikoni. Huli. Nami sili mpaka uondoke."

"Waninyima, Kadzo?"

"Nakunyima. Ukishindwa kutembea, nani atakuja kunitukana kila asubuhi?"

Nikaondoka nimenuna. Njiani machozi yakanitoka. Mwanamke yule amekaa na njaa yake kwa ajili ya magoti yangu. Asante, Mungu, kwa kunipa mtu wa kuninyima.

Nilipofika nyumbani nilikwangua sufuria ya sima. Sifichi.

Ukirudi kwenye daftari hili, bibi, keti kwanza mkekani, kisha uinuke bila kushika ukuta. Ndipo uandike.